Kinyago Kwanza, Rangi Baadaye

Katika kijiji cha Charida, kwenye vilima vya Ajodhya wilayani Purulia, jimbo la West Bengal nchini India, brashi ndicho kifaa kinachochelewa kushikwa kuliko vyote. Fundi huanza na udongo. Hufinyanga uso wa Durga, mungu wa kike, au wa jitu lenye masharubu, huunyunyizia majivu laini ili kitakachobandikwa juu yake kisigande, halafu hubandika karatasi nyepesi zilizolowekwa kwenye gundi, tabaka nane hadi kumi. Baada ya karatasi hufuata tope na vitambaa, kisha jua, kisha kusugua mpaka uso uteleze, kisha jua tena. Ndipo kinyago kinapobanduliwa kwenye udongo, kikatobolewa macho na pua, na kupakwa weupe. Hadi hapo hakuna rangi iliyoguswa.

Mtu wa Tanga, Mombasa au Bujumbura anayetaka kujifunza kuchora vinyago vya Kihindi kwa rangi za asili kwa kawaida huanzia mwisho wa kazi hiyo. Hununua manjano, huchemsha mchicha, hukamua rosela, hupaka juu ya karatasi iliyobandikwa juzi, na baada ya miezi michache hubaki na uso uliopauka na unaopukutika. Lawama zote huziangukia rangi za asili. Mara nyingi tatizo liko chini yake: uso haukuandaliwa, gundi haikupimwa, na kilichopakwa hakikuwa rangi ya mchoraji bali maji ya mboga.

Jambo la kwanza basi ni kuamua ni kinyago gani kinachofuatwa, maana India haina kimoja. Hata ndani ya ngoma ya Chhau, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2010 kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, mambo hutofautiana. Wachezaji wa Purulia na Seraikela huvaa vinyago. Wa Mayurbhanj, jimboni Odisha, hucheza uso mtupu. Vinyago vya Seraikela vina nyuso tulivu na matundu madogo ya kupumulia, ndiyo sababu michezo yake huwa mifupi. Vya Purulia hubeba mataji makubwa ya manyoya na shanga, na mchezaji huruka navyo hewani. Gambhir Singh Mura wa Charida, mchezaji aliyetunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 1981, alilitangaza jina la kijiji hicho mbali na vilima vyake.

Kwenye kisiwa cha Majuli, katikati ya mto Brahmaputra jimboni Assam, kinyago hakina karatasi hata kidogo. Kiunzi chake ni mianzi iliyochanwa na kusukwa, hufunikwa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye tope la mfinyanzi, na pua na mashavu hujazwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Vinyago hivyo ni vya bhaona, maigizo ya kidini yaliyotokana na Sankardev, mtakatifu na mtunzi aliyefariki mwaka 1568. Vingine ni vikubwa kiasi cha kumfunika mtu mwili mzima. Hem Chandra Goswami wa monasteri ya Samaguri, aliyepewa Padma Shri mwaka 2023, anajulikana kwa vinyago ambavyo taya hufunguka mchezaji anaposema. Kuna pia vinyago vya mbao vya Kushmandi, kaskazini mwa West Bengal, ambavyo aliyezoea lipiko la Wamakonde atavielewa haraka. Lakini kuchonga ni elimu nyingine kabisa.

Kwa anayeanza akiwa Afrika Mashariki, na hasa pwani, darasa jepesi kuliko yote ni la Cheriyal. Huo ni mji mdogo jimboni Telangana, maarufu kwa michoro mirefu ya kitambaa iliyokuwa ikitumiwa na wasimulizi wa hadithi wanaozunguka vijijini. Familia za wachoraji hao, wanaoitwa Nakashi, hutengeneza pia vinyago, na vile vidogo hujengwa juu ya kifuu cha nazi. Sura yenyewe huumbwa kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi ya kokwa za ukwaju. Kifuu, unga wa mbao na ukwaju: hakuna hata kimoja cha kuagiza ng'ambo. Muuza juisi ya ukwaju hutupa kokwa kila siku, na seremala wa mtaani hushukuru akipata wa kumpunguzia unga uliorundikana chini ya msumeno.

Kifuu hukatwa kwa msumeno badala ya kupasuliwa kwa panga, ili ukingo uwe sawa. Nyuzi zote za makumbi hukwanguliwa, kisha uso wa nje husuguliwa kwa msasa wa kukwaruza mpaka mng'ao uondoke. Hatua hii wengi huiruka. Kifuu laini hakishiki kitu. Kinyago hukauka vizuri, kikapendeza, halafu siku moja pua nzima hubanduka ikiwa kipande kimoja.

Kuhusu kokwa za ukwaju, wachoraji wa Raghurajpur huko Odisha wana desturi inayofaa kuigwa: huziloweka siku tatu, huzisaga, kisha huziweka chunguni na maji juu ya moto mpaka ziwe gundi. Nyumbani, kokwa zikikaangwa kidogo kabla ya kulowekwa, ganda la kahawia hutoka kirahisi na gundi huwa nyeupe zaidi. Moto uwe mdogo na mwiko usisimame. Gundi ikifikia uzito wa uji wa mgonjwa huepuliwa, kwani ikipoa itazidi kuganda. Kwenye joto la pwani huchacha upesi, hivyo ipikwe kidogo kidogo. Tone la mafuta ya karafuu, dawa ya kuzuia ukungu ambayo wachoraji wa nchi nyingi wameitumia, huipa siku chache zaidi.

Unga wa mbao lazima uchekechwe. Maranda yanayotoka kwenye randa hayafai hata yakikatwakatwa, kwa sababu vipande virefu hujikunja vinapokauka na kuupasua uso. Unga hukandwa na gundi mpaka mkono ukiufinya usibaki na maji. Ubandikwe kwa tabaka nyembamba, zisizozidi nusu sentimita kila mara, na kila tabaka likauke kivulini. Karatasi za Charida huweza kuvumilia jua kwa sababu ni nyembamba; donge nene la mbao na ukwaju likianikwa juani hukauka nje likabaki bichi ndani, na mpasuko hutokea palepale puani. Asiye na subira atafute kazi nyingine ya kujifurahisha.

Sasa weupe. Huu ndio moyo wa kazi nzima, na ndiyo hatua inayotofautisha kinyago cha fundi na cha mtoto wa shule. Raghurajpur hutumia unga wa chaki, yaani jiwe laini, pamoja na ile gundi ya ukwaju. Weupe wao wa kuchorea hutoka kwenye makombe ya baharini yaliyosagwa. Hakuna haja ya kununua makombe, na kwa hali ya bahari yetu ni afadhali yasinunuliwe. Maganda ya mayai yana kalisi ileile: huchemshwa, huondolewa ngozi ya ndani, hukaushwa, husagwa, hupitishwa kwenye kitambaa cha shashi. Unga huo ukichanganywa na gundi nyepesi hupakwa mara tano, sita, hata nane. Tabaka la kwanza hupakwa kutoka juu kwenda chini, la pili kutoka kushoto kwenda kulia, na kila likikauka husuguliwa kwa msasa laini. Kipimo ni ukucha. Ukipitishwa juu ya shavu la kinyago bila kukwama mahali popote, uso uko tayari. Ukikwama hata mara moja, brashi nyembamba nayo itakwama hapohapo wakati wa kuchora nyusi.

Rangi za kuanzia ziwe tatu tu: nyeupe ambayo tayari ipo, nyekundu ya udongo, na nyeusi ya masizi. Zote tatu ni vumbi la kitu kisichoyeyuka. Hapo ndipo penye tofauti kati ya rangi itakayodumu na ile itakayokimbia: udongo, jiwe na masizi hukaa juu ya uso yakiwa chembe, na mwanga wa dirishani hayaujali, lakini maji ya maua, ya majani na ya matunda hudumu tu yakiwa gizani. Wino wa hati nyingi za zamani ulikuwa masizi, na bado ni mweusi.

Ngeu, ule udongo mwekundu ambao mafundi seremala waliutumia kupigia mstari, ndiyo geru ya Wahindi. Inapatikana kwenye kingo za barabara zilizochimbwa upya, sehemu nyingi za bara. Hupondwa, hutiwa kwenye ndoo ya maji, hukorogwa, na huachwa kwa muda wa kuhesabu moja hadi ishirini. Mchanga hutua chini. Maji mekundu yaliyo juu humiminwa kwenye chombo cha pili na kuachwa usiku kucha. Asubuhi maji ni maangavu na chini kuna tope laini lisilokwaruza kidole. Likikorogwa na kumiminwa tena mara mbili au tatu, linakuwa laini kuliko ngeu yoyote ya dukani. Aliyepata udongo wa njano afanye vivyo hivyo, na akitaka nyekundu ya ziada auchome sehemu yake kwenye kikaango: udongo wa njano hugeuka mwekundu ukipata moto wa kutosha.

Masizi hukusanywa juu ya kibatari cha mafuta ya mimea, si ya taa. Utambi wa pamba ukiwekwa kwenye mafuta ya nazi au ya nyonyo, na sahani ya udongo ikainamishwa juu ya moto, weusi hujikusanya wenyewe. Kazi huanza pale yanapokutanishwa na maji, kwa kuwa masizi huyakataa, yakaelea juu na kuruka na kila pumzi. Dawa yake ni kuyalowesha kwanza kwa matone machache ya spiriti, kuyasaga kwenye sahani mpaka yawe tope, ndipo gundi iongezwe.

Gundi ya kuchorea si ile ya ukwaju. Odisha hutumia utomvu wa mti wa kaitha, ambao si rahisi kuupata huku. Gundi ya mgunga hufanya kazi hiyohiyo: sehemu moja ya gundi kavu kwa sehemu mbili za maji ya vuguvugu, hulala usiku mmoja, huchujwa kwa shashi, na kijiko kidogo cha asali huizuia isikauke kwa kukatika. Kiasi cha kutia kwenye rangi hakiandikiki kitabuni kwa sababu kila udongo hunywa kivyake. Hujaribiwa kwenye kipande cha kifuu kilichopakwa weupe. Rangi ikikauka, kidole kikipitishwa kikatoka na vumbi, gundi imepungua. Rangi ikimeta na kupasuka vipande vidogo, gundi imezidi. Anayefanya jaribio hilo kila anaposaga rangi mpya ataokoa vinyago vingi.

Hapa inabidi kusimama kwenye jambo ambalo wengi hulipita kwa furaha ya jina "asili". Rangi mbili zenye heshima kubwa katika uchoraji wa Assam huitwa hengul na haital. Odisha huziita hingula na haritala. Nyekundu ya kwanza ni madini ya zebaki. Njano ya pili ni madini ya aseniki. Zote ni za asili kabisa, zimechimbwa ardhini, na vumbi lake ni sumu. Fundi mwenye ujuzi wa kurithi anajua namna ya kuzishughulikia. Mwanafunzi aliyenunua pakiti sokoni hajui. Ushauri hapa hauna mjadala: zisisagwe nyumbani, zisiguswe na watoto, na yeyote anayetaka kuona uzuri wake azitazame kwenye kazi za wenyewe. Ngeu na udongo wa njano humtosha anayeanza kwa miaka mingi.

Manjano ya kiungo nayo yana vitimbi vyake. Yakipakwa hung'aa kuliko udongo wowote, ndiyo maana huvutia, lakini mwanga huyafifisha upesi. Yakikutana na chokaa hugeuka mekundu. Wahindi wameitumia tabia hiyo kutengeneza kumkum, unga mwekundu wa paji la uso. Ni mchezo mzuri wa jikoni, ila ni balaa kwa aliyepaka uso kwa chokaa ya nyumba badala ya chaki, akategemea kupata Durga wa njano. Tatizo la tatu ni la dukani. Nchini Bangladesh watafiti walionyesha kwamba manjano ya unga yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yapendeze. Anayehitaji manjano anunue mizizi mizima, akaushe, asage mwenyewe.

Mzingefuri, ule mti ambao waongozaji wa mashamba ya viungo Unguja hupenda kuwapaka wageni mbegu zake midomoni, na ambao hulimwa kibiashara Kwale, hutoa rangi ya chungwa inayosisimua. Nayo haiupendi mwanga. Itumike kwenye kinyago kitakachokaa kabatini na kutolewa siku ya sherehe. Si kile cha kutundika ukutani mkabala na dirisha. Bluu ya kweli ya mmea ni nili, unga usioyeyuka majini, nao hudumu vizuri. Ile bluu ya kufulia nguo nyeupe si mmea, hata kama wauzaji huiita nili. Na kijani kisitafutwe kwenye majani: majani hugeuka kahawia. Nili ikichanganywa na udongo wa njano hutoa kijani kizito kinachofaa sana majitu.

Majitu yana rangi zake, na miungu ina zake, na mwanafunzi hana ruhusa ya kubahatisha. Katika vinyago vya Purulia, Shiva na Saraswati hupakwa nyeupe, Kali huwa mweusi au wa bluu, miungu mingine hupewa njano nyepesi au waridi, na maasura, ndiyo majitu yenyewe, hupata kijani kizito, nyekundu au nyeusi, pamoja na macho makubwa na meno yaliyotoka nje. Mtazamaji wa Purulia aliyekaa mbali gizani humtambua mhusika kwa rangi kabla hajacheza hatua moja. Mkristo au Mwislamu anayejifunza ufundi huu anaweza kuanza na nyuso zisizo za ibada: mwanakijiji, mzee mwenye kilemba, mwanamke mwenye kipini puani, ambao Cheriyal huwatengeneza kwa wingi. Hilo humwondolea pia hofu ya kukosea alama takatifu ya watu wengine.

Kwenye kupaka, eneo pana hutangulia na mstari hufuata. Ngozi ya uso hupakwa kwanza mara mbili, kisha nguo na kilemba, kisha mapambo meupe ya nukta, na mistari myeusi huja mwisho. Macho huachwa kabisa mpaka kila kitu kimekauka. Wafinyanzi wa sanamu za Durga huko Bengal nao huyachora siku maalumu, wakati umbo lote limekamilika. Mstari wa jicho huvutwa kwa mwendo mmoja, mkono ukiegemea kidole kidogo juu ya shavu la kinyago. Wachoraji wa Cheriyal hupenda brashi za nywele za kindi. Brashi nzuri namba 1 au 0 kutoka duka la vifaa vya sanaa inatosha, mradi ncha yake irudi kuwa moja ikiloweshwa.

Kinyago kikikamilika hulindwa. Sandarusi iliyoyeyushwa au shelaki ya maseremala iliyozimuliwa kwa spiriti hupakwa kwa brashi laini, mara moja bila kurudia. Gundi ya mgunga haiyeyuki kwenye spiriti, kwa hiyo ngeu na masizi hayatikisiki. Manjano huyeyuka, na yatachuruzika hadi kidevuni.

Anayeweza kusafiri asiende wakati wa masika ya India, Juni hadi Septemba, kwa kuwa vinyago havikauki na mafundi wengi hupunguza kazi. Novemba hadi Februari ni kipindi kizuri. Charida hufikiwa kwa treni kutoka Kolkata hadi wilaya ya Purulia, halafu kwa gari. Majuli hufikiwa kwa feri kutoka Nimati Ghat karibu na Jorhat. Raghurajpur, iliyotangazwa kijiji cha urithi mwaka 2000, iko karibu na mji wa Puri na ndiyo rahisi kuliko zote kwa mgeni. Kabla ya kukubaliana ada na fundi, mgeni aulize waziwazi rangi gani zinatumika kwenye karakana hiyo leo. Sehemu nyingi zimehamia rangi za dukani kwa sababu ni nafuu na hukauka upesi, na hilo si siri wala aibu. Lakini anayetaka kuona ngeu ikisagwa aombe mapema aonyeshwe, alipie muda huo, na asitegemee kuikuta ikisubiri mlangoni. Mwezi wa Chaitra unapokaribia, kuanzia katikati ya Machi, wachezaji wa Chhau huwa na maagizo yao, na mwanafunzi hujikuta akikaa pembeni.

Kwa atakayefikia hatua ya kuuza, kuna suala la jina. Kinyago cha Chhau cha Purulia kilisajiliwa India mwaka 2018 kwa alama ya bidhaa ya mahali, na vinyago vya Majuli vilifuata mwaka 2024. Kilichotengenezwa Kigamboni au Likoni hakiwezi kuuzwa kwa majina hayo, hata kama kimefuata kila hatua. Nyuma ya kifuu kuna nafasi ya kutosha kuandika kwa penseli mahali na mwaka, kwamba mtindo ni wa Cheriyal, na vilivyotumika: unga wa mbao, ukwaju, maganda ya mayai, ngeu, masizi. Bluu ikiwa imetoka dukani, nayo iandikwe hapohapo.